Kisa cha mnara wa mtelezo: vijana wanne, bustani iliyofungwa na chuma cha pwani

Usiku mmoja wa kuamkia Jumamosi, mwishoni mwa kusi, vijana wanne wa mtaa mmoja hapa Malindi waliingia kwenye bustani ya michezo ya hoteli iliyofungwa, upande wa kaskazini wa mji kabla hujafika daraja la Sabaki. Walikwenda kupiga video. Walikuwa na simu zao, tochi moja ya kichwani, stendi ya kamera na mfuko wa viazi karai. Haikufika saa sita, mdogo wao, mwenye miaka 16, alikuwa amelala chini ya mnara wa mtelezo wa maji, mfupa wa muundi umevunjika na paja limechanwa na bati. Amepona, anatembea, na mama yake ameniruhusu niandike bila kutaja majina.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Wazee waliniita siku walipokaa maslaha, yaani kikao cha suluhu, kati ya familia ya kijana na wakala wa mwenye hoteli, kwa sababu mabishano yote yalikuwa yamekwama kwenye swali moja: ngazi ile ilibeba watu wawili salama, ikawaje ikamwangusha wa tatu, tena mwepesi kuliko wote? Wakala alitaka kuonyesha kwamba walikuwa wakirukaruka. Baba mtu alitaka kuonyesha kwamba ngazi ilikuwa mtego. Na pembeni walikuwepo waliokwisha kuamua kwamba ni jini.

Nianze na mahali. Hoteli ile ilikuwa ya Waitaliano, ya zile zilizojengwa wakati Malindi bado inajaa wageni kila kaskazi. Nyuma yake, kuelekea ufukweni, walitengeneza bustani ndogo ya watoto: farasi wa kuzunguka chini ya paa la makuti, pembea ya gurudumu isiyozidi urefu wa mnazi mchanga, mashua ya kubembea, na bwawa lenye mtelezo wa maji unaoshuka kutoka kwenye mnara wa chuma. Siku za Idi walifungua geti kwa watoto wa mjini, kiingilio kidogo, na wengi wetu tumewapeleka wanetu pale. Ndege za kutoka nje ziliposimamishwa Machi 2020 hoteli ikafunga, na ndege ziliporudi Agosti mwenye hoteli hakurudi. Umeme ukakatwa, bwawa likakaushwa, akabaki mlinzi mmoja. Ukuta wa upande wa mivinje una pengo ambalo watoto hupita kwenda kuogelea. Pengo hilo kila mtu analijua, wakala akiwemo.

Hao vijana wanne si wahuni. Wawili wamemaliza sekondari, mmoja anaendesha tuktuk ya mjomba wake, na yule mdogo alikuwa kwenye likizo. Wana tabia waliyoipata kwenye simu: kutazama video za watu wanaoingia usiku kwenye bustani za burudani zilizokufa, huko nje. Niliomba nionyeshwe, nikakaa nao nikatazama. Karibu kila video ina mahali palepale. Pripyat ya Ukraine, gurudumu lenye vibanda vya manjano ambalo lilitarajiwa kuzinduliwa tarehe 1 Mei 1986, na mtambo wa Chernobyl ukalipuka tarehe 26 Aprili. Nara Dreamland ya Japani, iliyofunguliwa 1961, ikafungwa 2006, ikakaa takriban miaka kumi magugu yakiota juu ya reli kabla ya kubomolewa. Spreepark ya Berlin, ya tangu 1969, ambayo mitambo yake ilisimama baada ya msimu wa 2001. Vijana wa kwenye video wanapanda, wanakaa kwenye vibanda, wananing'iniza miguu. Chuma kimebabuka rangi lakini kinawabeba.

Hapo ndipo nilipoona shina la kisa hiki, na nilipolisema kwenye baraza wengine walidhani natania. Bustani zile zote ni za bara. Pripyat iko mamia ya kilomita kutoka Bahari Nyeusi. Nara ni mkoa usiogusa bahari kabisa. Berlin nayo iko mbali na maji ya chumvi. Vijana wetu walijifunza kuamini chuma kwa kutazama chuma ambacho hakijawahi kuonja upepo wa kusi. Ingekuwa wametazama zaidi ile ya New Orleans, Marekani, iliyozamishwa na kimbunga Katrina Agosti 2005, wangeona sura nyingine: maji yenye chumvi yalisimama mle kwa majuma, mitambo ikaharibika kiasi cha kutofaa, na bustani haikufunguliwa tena hadi wakaanza kuibomoa 2024.

Na kuna malezi mengine waliyoyapata hapahapa nyumbani. Mtoto wa Malindi amekua na magofu. Anapelekwa Gede na shule, kilomita kama 15 kusini ya mji, anapita kwenye msikiti na jumba la mfalme ambavyo watu walivihama karne ya 17, na kuta bado zimesimama. Anakaa chini ya nguzo ya Vasco da Gama kula mabuyu. Lakini hayo yote ni mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe likichoka linakuonyesha: linapasuka, linamomonyoka, linadondosha vipande kwa miaka. Bomba la chuma lililopakwa rangi vizuri linaweza kuliwa kwa ndani huku rangi imekaa palepale, kijani kibichi, na kibandiko cha "watoto chini ya miaka 6 hawaruhusiwi" bado kinasomeka.

Sasa ngazi yenyewe. Mnara una nguzo nne, na ngazi inayozunguka mara moja hadi jukwaa la juu, kama mita 6. Kila kidato ni bati la chekadi la milimita 3, limewekwa juu ya vipande viwili vya anglaini, vyuma vya umbo la L, na anglaini zimechomelewa kwenye chaneli, vyuma vya umbo la U, za pembeni. Kazi nzuri, niseme kweli. Aliyechomelea alijua kuchomelea. Kasoro ni kwamba bati lilipigwa vidoti vya weldi hapa na pale badala ya kufungwa mstari mzima, kwa hiyo kati ya bati na anglaini kuna mwanya mwembamba kama ukucha. Maji yakiingia mle hayatoki. Kutu ikianza inavimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, inapanua mwanya, maji mengi zaidi yanaingia.

Lakini jambo ambalo hata mafundi wengine hulisahau ni hili: kwenye chuma cha ufukweni, upande wa chini ndio unaooza kwanza. Mvua za masika huosha uso wa juu wa kidato. Chumvi inayoletwa na upepo inaondoka. Upande wa chini hauoshwi na mvua, haukauki upesi, na chumvi inajikusanya pale msimu baada ya msimu, ikivuta unyevu kutoka hewani hata siku za jua. Ongeza mchanga wa upande ule wa Sabaki, unaopeperushwa ukakwaruza rangi na zinki. Nililala chali chini ya ngazi mchana kweupe, nikatazama juu. Ukiwa unapanda, kidato kizima. Ukiwa chini yake, hakuna kidato, kuna magamba. Nilikishika kile jirani na kilichovunjika, kona yake ikavunjika mkononi kama krips za mhogo. Kingine kilikuwa na tundu lililozibwa zamani kwa bodi fila, ile ya kunyooshea matatu, likapakwa rangi. Fila haibebi mtu. Yule aliyeziba alitaka tu lisionekane, na wakala alipoiona aliinamisha kichwa akajikuna shingo.

Basi swali la wa tatu likajibika. Wa kwanza, mwenye kamera, alipanda huku ameshika reli kwa mkono mmoja, miguu yake ikaenda pembeni kabisa, karibu na chaneli. Pale bati linashikiliwa na weldi na haliwezi kupinda. Wa pili akafuata nyayo zake. Mdogo wao alikuwa amebeba stendi na mfuko, mikono yote imejaa, akapita katikati ya kidato, mahali ambapo bati linapinda zaidi kuliko kwingine. Alikuwa amepanda zaidi ya nusu ya ngazi. Kidato kikafunguka. Akaachia mzigo akadaka reli, na reli nayo ikang'oka shinani, kwa sababu bomba lile lilikuwa limesimikwa kwenye kikombe ambacho maji ya mvua hutulia. Akaenda chini mita 3 na kitu pamoja na kipande cha reli, akatua kwenye ukingo wa zege wa bwawa. Lau angetua hatua moja kushoto, angeingia bwawani penyewe, mita mbili zaidi.

Hakuna aliyeruka. Wakala alilikubali hilo baada ya kwenda kuangalia kwa macho yake.

Kuhusu mwanga nitasema kidogo, kwa sababu vijana waliniuliza kama tochi kali ingewasaidia. Walikuwa na tochi nzuri tu. Tatizo ni pale ilipovaliwa. Tochi ya kichwani iko karibu na macho, kwa hiyo kivuli cha kila kitu kinaanguka nyuma ya kitu hicho, hukioni. Tundu linaonekana doa, bati lililobonyea linaonekana sawasawa. Ukishika tochi mkononi, chini, usawa wa goti, ukaimulika ngazi kwa ubavu, kila kibonyeo kinatoa kivuli chake. Walinzi wa zamani hutembea na tochi hivyo bila kufundishwa na mtu. Hata hivyo ule upande wa chini wa vidato usingeonekana kwa tochi yoyote. Wangeujua kwa kugonga tu: chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinajibu kwa sauti ya ubao.

Ama kwa kuuliza. Na hapa naingia kwenye sehemu ya kisa inayoniuma zaidi.

Mlinzi wa pale ni mzee wa Kigiriama, amekaa mahali pale tangu hoteli ikijengwa, alianza kama kibarua wa kubeba mawe. Mshahara wake ulikuwa ukija nusu, mwezi mwingine hauji. Anajua kila kitu cha bustani ile: farasi gani ana msumari, mashua ya kubembea iliachwa bila breki, bwawa lina nyigu upande gani, na kwamba nyoka aina ya bafe alikuwa amefanya makao kwenye chumba cha pampu hadi watu wa Bio-Ken, kituo cha nyoka cha Watamu, walipokuja kumtoa. Kitabu cha matengenezo cha hoteli ile kimepotea, na hata kingekuwepo kingeishia 2020. Yaliyotokea baada ya hapo yako kichwani mwa mzee huyu peke yake. Vijana wanamfahamu. Wanapita getini kwake kila siku, "Mzee, masalkheri," "Masalkheri wanangu." Usiku ule walipita pengoni ili asiwaone.

Tena alikuwa ameshaifunga ngazi. Miezi kadhaa kabla, kidato kimoja cha juu kilimchezea mguu, akashuka taratibu, akakata tawi la mwiba akalilaza kwenye kidato cha kwanza. Anayetoka mashambani anaelewa: njia iliyolazwa mwiba usipite. Kwenye video yao, ambayo ilionyeshwa mbele ya wazee, unaona mkono wa mwenye kamera ukilivuta lile tawi pembeni ili picha ya ngazi itoke safi. Mmoja wa vijana alisema mbele ya baba yake kwamba aliuona ule mwiba akaufahamu, kwa maana bibi yake kule Ganda hufunga shamba hivyohivyo, lakini aliona haya kusema mbele ya wenzake. Baba yake hakumgombeza. Alimtazama tu, kwa muda.

Mtoto alipoanguka alipiga kelele, na mzee akaisikia. Hakwenda. Kwenye mwarobaini ulio karibu na jiko la zamani kuna komba, na komba usiku hulia sauti ya mtoto mchanga kabisa. Hao ndio waliozaa nusu ya hadithi za majini wa pale, pamoja na farasi wa kuzunguka anayegugumia upepo ukigeuka. Mzee amezoea. Alinyanyuka tu aliposikia yule kijana aliyebaki chini akiita "Mzee! Mzee!", kwani komba hamwiti mtu.

Aliyoyafanya baadaye ningependa yaandikwe mahali. Kwanza aliwazuia wawili waliokuwa juu, waliotaka kushuka kwa mtelezo. Faibaglasi ile imepigwa na jua mpaka nyuzi zimetoka nje, na katikati ina ufa. Akawaambia washuke kwa ngazi ileile, mmoja mmoja, uso uutazame mnara, miguu juu ya chaneli za pembeni, wasikanyage bati hata kidogo. Wakashuka. Pili, walitaka kumnyanyua mwenzao kwa makwapa wamkimbize kwenye tuktuk. Akakataa. Akavua kikoi, akakikunja, akakandamiza jeraha la paja na kumwambia mmoja asitoe mkono. Kisha akachukua upongoo wa mnazi, akaupasua mara mbili, akauweka huku na huku ya mguu na kuufunga juu na chini ya mahali palipovunjika, bila kujaribu kuunyoosha. Daktari alipoufungua hospitalini aliuliza nani kafanya. Kijana alichomwa sindano ya pepopunda usiku uleule, na hilo lisipuuzwe na yeyote anayekatwa na chuma kilicholala ardhini, hata kama jeraha ni dogo.

Maslaha yalikaa barazani kwa msikiti baada ya asri. Wakala alikuja na karatasi ya Sheria ya Kuingilia Ardhi, Sura ya 294, na kwa kiasi chake alikuwa na haki: anayeingia ardhi ya mtu bila ruhusa ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba alikuwa na sababu ya maana, na kupiga video si sababu. Alikuwa ameshaandikisha polisi. Upande wa familia alikuwepo mjomba anayefanya kazi kwa wakili, akajibu kwa Sura ya 34, inayomhusu mwenye kukalia mahali, ambayo inamtaka atarajie kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Wakala akasema hiyo ni ya wageni waliokaribishwa. Mjomba akauliza, pengo la ukutani ambalo watoto wanapita miaka yote na hamjaliziba, hilo si karibu? Sijui hakimu angesema nini na sikuulizwa hilo.

Kuhusu jini, imamu alilimaliza kwa maneno machache. Alisema yeye mwenyewe ameinama akatazama chini ya ngazi, na kutu ameiona.

Nilichoulizwa ni kama mwenye hoteli angeweza kuzuia. Nikajibu kwamba kukata vidato vya chini, mtu asiweze kuufikia mnara kutoka ardhini, ni kazi ya grainda na asubuhi moja. Jenereta, mawe ya kukatia matatu au manne, vibarua wawili. Vyuma vinauzwa skrepu, gharama inarudi. Ndivyo inavyofanywa kwa mnara wowote usio na kazi. Kuweka mlinzi wa nusu mshahara na tawi la mwiba la kujitolea si kuzuia. Lakini nilisema pia, na mwenye kamera alikuwepo, kwamba mkono ulioondoa mwiba ulikuwa na macho ya kuuona.

Wazee waliamua bili ya hospitali igawanywe nusu kwa nusu, wakala aondoe shtaka polisi, familia isiende mahakamani. Kwangu mimi nusu ilikuwa ndogo kwa mwenye hoteli. Ningesema theluthi mbili, kwa kuwa mtoto ana miaka 16 na ngazi ilikuwa na fila. Baba mtu aliridhika, nikanyamaza.

Kijana mmoja aliuliza kama wanaweza kurudi mchana, kwa ruhusa, mzee akiwatembeza. Wazo si la ajabu. Spreepark ya Berlin ilikuwa ikitembezwa watu kwa makundi na kiongozi wakati imefungwa. Wakala alisema atampigia mwenye hoteli simu Italia. Mzee alisema yeye yuko tayari ila alipwe kwanza ya miezi iliyopita, na watu barazani wakacheka, naye hakucheka.

Ngazi nimeshaikata, vidato vya chini vyote na reli yake, na pengo la ukuta limetiwa matofali. Mashua ya kubembea tumeifunga kwa mnyororo. Gurudumu bado. Shimo lake la nati kuu linavuja kutu nyekundu, na kulishusha kunahitaji kreni kutoka Mombasa. Barua ya gharama iko kwa wakala.